Mkono wa Mwisho Kwenye Pua la Gari

Grant, mwenye timu, alipojua ninastaafu aliniomba niwaachie maneno machache nyinyi mnaobaki karakana, jinsi gari letu lilivyotengenezwa na lilivyokimbia. Alitaka kwa Kiingereza. Nikamwambia Kiingereza changu ni cha vipimo na cha kusalimiana asubuhi, na haya ninayotaka kuandika ni ya woga, na woga wangu mimi umo wote katika Kiswahili. Akacheka, akasema basi Njoroge, kijana wetu wa karakana, atamtafsiria. Njoroge atatafsiri anavyojua na mimi naandika ninavyojua. Wengi wenu mnakielewa kwa vyovyote, nyinyi wa Lubumbashi, wa Nairobi, wa Unguja, hata mkijifanya hamsikii ninapowasema.

Anayetafuta humu nani alipanda cheo na nani alinyimwa, aende kwingine. Mimi nilikuwa mwoga niliyefanya kazi ya kutisha mpaka magoti yakakataa, basi.

Nilianza kama fundi cherehani. Tanga nilishona sare za shule na magauni ya harusi. Nilipohamia Wheaton, huku Marekani, nikawa napunguza suruali za watu katika chumba kidogo karibu na stesheni ya treni. Siku moja akaja mwanamume mrefu wa Kikongo na koti lake, akasimama akiniangalia nikikata kitambaa cha mteja mwingine. Hakuondoka hata nilipomwambia koti aje alichukue kesho.

"Mama, weye unakataka muzuri," akasema. "Kule ku kazi yetu tunatafuta muntu wa kukata."

"Kukata nini?"

"Nguo. Nguo nyeusi tu."

Nikadhani ni kampuni ya mazishi. Huyo ndiye Papaa Kalonji, mwalimu wangu, ambaye nyinyi wengine mmeiona picha yake tu pale juu ya meza ya kukatia.

Karakana mnaijua ilivyo: jengo la kijivu Gaithersburg, nje halina hata bango, majirani wote ni maabara za dawa, ukipita barabara kuu ya I-270 hujui kama kuna watu humo wanatengeneza gari la mbio. Siku ya kwanza nilishangaa kimya chake. Nilitegemea nyundo na moshi kama gereji za kwetu, nikakuta meza ndefu, mikasi, chati za kukatia, na kitambaa cha kaboni kimelazwa ndani ya friza kama nyama ya Idi. Kaboni ni kitambaa kweli. Ina uzi wa kwenda na uzi wa kupita, ukiikata vibaya inakuchafulia kazi yote kama satini. Unaipanga tabaka juu ya tabaka ndani ya kalibu, unaifunika kwa plastiki, unaivuta hewa, kisha unaipeleka kwenye tanuri. Inatoka ngumu kuliko bati na nyepesi kuliko sinia.

Tanuri nililiogopa tangu siku hiyo. Lina mlango mzito wa duara, na ndani hewa inashindiliwa huku moto unawaka. Nikamuuliza Papaa Kalonji ule mlango ukifunguka kabla ya wakati itakuwaje. Akaniangalia kwa upole, akasema, "Mama, hautajua hata kama imefunguka." Alidhani amenituliza.

Kwa wale wageni kabisa: gari letu ni la aina wanayoiita prototaipu. Halitokani na gari la dukani. Limebuniwa toka mwanzo kwa ajili ya mbio ndefu za saa nyingi, madereva wakipokezana usukani, na halina kazi nyingine duniani. Hata mkoba wangu haukuwahi kupata pa kukaa mle ndani. Grant ndiye mwenye timu na ndiye mhandisi aliyelichora, na namheshimu, maana hakuwahi kunificha alipokuwa na wasiwasi. Mara nyingi ningependa angenificha.

Papaa Kalonji alinifundisha kukagua kazi kwa kiganja. Unamaliza kupanga tabaka, unafumba macho, unapitisha mkono wazi bila glavu, na mkono unakwambia palipokunjamana, palipoingia hewa, palipobaki uzi. Mwanzoni nilikuwa namwambia lakini Papaa, mbona naona pako sawa. Alikuwa anakasirika. "Unaona! Unaona! Macho yako inaona kile inapenda kuona. Gusa, Mama. Toka kwanza hiyo gants, halafu gusa." Gants ndiyo glavu kwao. Nimelisikia neno hilo kuliko jina langu.

Gari la kwanza tulilimaliza majira ya kuchipua. Lilikuwa jeupe, na pua lake lilikuwa refu, laini, limeinama mbele na kupanda juu ya matairi kwa madigadi mawili ya mviringo. Pua lile na ndugu zake wa akiba niliyakata mimi, kipande kwa kipande. Nilipoyapitishia mkono mara ya mwisho hayakuwa na mkwaruzo wala bonde. Niliona fahari, nasema ukweli, na nilimpigia simu dada yangu Tanga kumweleza, naye akaniuliza gari lina viti vingapi.

Tulilipeleka kulijaribu kwenye uwanja wa mbio huko Virginia vijijini. Pale pana njia ndefu iliyonyooka inayopanda kilima, na ukifika juu huoni kinachofuata mpaka umeshavuka. Dereva alikuwa Dale, mwanamume wa makamo mwenye masharubu, mtu wa kutania, aliyekuwa akinisalimia "shikamoo" kwa kuwa niliwahi kumwambia ndiyo salamu ya mtu mwenye adabu. Akazunguka mara chache, akaja, akamwambia Grant kule juu ya kilima usukani unakuwa mwepesi mkononi. Mbele ya gari panakuwa kama hapapo. Grant akabadilisha pembe ya bawa la nyuma, akamwomba aende tena polepole kwanza, kisha aongeze.

Sikuona kilichotokea, nilikisikia. Mngurumo ulikuja ukipanda kama kawaida, kisha ghafla sauti ya matairi ikakatika na injini ikabaki inalia peke yake, juu sana, kama cherehani ambayo uzi umekatika na mguu bado uko kwenye pedali. Halafu miti ikavunjika.

Tulilikuta ng'ambo ya uzio. Lilipaa. Upepo uliingia chini ya pua na ndani ya madigadi, ukakosa pa kutokea, ukaliinua gari zima na mtu ndani yake likageuka hewani. Dale alikuwa hai kwenye kile kiota cha kaboni tulichokijenga, uti wa mgongo umevunjika, macho wazi. Wakati wanamtoa alinitazama, akasema polepole kwamba palikuwa kimya. Leo anatembea kwa fimbo na hajawahi kuendesha tena gari la mbio, na mimi lile neno lake sijawahi kulipunguza uzito. Niliogopa siku ile na sikuacha.

Niliporudi Wheaton nilikaa siku kadhaa bila kwenda kazini. Papaa Kalonji akaja nyumbani, akanywa chai, akala vitumbua vyangu vyote, hakunibembeleza. Alisema tu kwamba Grant amepata dawa, na dawa yenyewe ni mkasi, na mwenye mkasi ni mimi.

Dawa ilikuwa matundu. Juu ya kila madigadi ya mbele tulipaswa kukata tundu refu ili upepo unaojikusanya pale juu ya tairi upate pa kutokea. Nilichukua msumeno mdogo nikakata pua la akiba, laini kama lile la kwanza. Papaa alishika taa, na nilipomaliza akaingiza vidole kwenye tundu moja, akavitoa, akaingiza kwenye jingine. "Sasa inapumua," akasema.

Kutoka hapo gari, tulilolijenga upya, lilitulia. Lilirudi kwenye kilima kile kile na mbele pakabaki chini. Likaanza kushindana, mwanzo nyuma ya wote, kisha katikati, kisha siku nyingine mbele. Grant atawasimulia mashindano yote na vikombe, anavikumbuka kama watoto wake. Mimi naikumbuka sauti ya matairi tu. Kila gari lilipopanda kilima nilikuwa nasimama kando ya ukuta wa kituo chetu, pale magari yanapoingia kubadilisha matairi na kujaza mafuta, nikisikiliza kama sauti itakatika.

Matundu yalikuja na desturi yake. Matairi ya mbio yanapoisha yanamwaga vipande vyembamba vya mpira, na vinaruka vinakwenda kuziba tundu. Tundu likiziba ni sawa na kutokuwa na tundu. Kwa hiyo Papaa Kalonji aliweka sheria: gari likisimama kituoni, kazi zote zikiisha, mtu mmoja anaingiza vidole katika matundu yote mawili, anatoa mpira, anainua mkono juu. Ndipo gari linaondoka. Tukauita mkono wa mwisho. Alikuwa anaufanya yeye, na magoti yake yalipochoka akanipa mimi, kama yalivyochoka yangu sasa.

Kwenye kituo kila mtu lazima avae nguo za kuzuia moto, pamoja na soksi ile ya kichwani inayofunika nywele na shingo. Wanaume walikuwa wakiilalamikia joto. Mimi peke yangu niliona hatimaye wamevaa kama watu. Lakini glavu zilinisumbua. Glavu ya moto ni nene, ukigusa mpira na ukigusa kaboni ni yale yale. Kwa hiyo glavu yangu ya kulia niliifumua ncha za vidole viwili, nikazipinda na kuzishona vizuri, nikatokeza vidole kidogo tu. Wakaguzi walikuwa wakinikodolea macho. Nilikuwa najifanya sijui Kiingereza.

Neema akaja kuendesha. Wazazi wake ni wa Mbeya, amezaliwa na kukulia Oxon Hill, hapa hapa Marekani, mama yake naye ni mteja wangu wa zamani wa vitenge. Alianza na magari madogo ya watoto na akapanda mpaka kwetu. Kiswahili anakisikia chote, ila akijibu anajibu kwa Kiingereza, kama wote wa umri wake. Ukimwambia "njoo ule" anakuja, ukimwambia "shikamoo haijakuua" anacheka na kuitoa. Ananiita Auntie. Nilimjua akiwa na meno ya utotoni. Sasa fikirini mimi, mtu wa woga wangu, kila wiki ya mbio nimfunge mtoto wa Mama Neema ndani ya gari ambalo nilishasikia likipaa.

Nilimuuliza mara moja kama haogopi. Akasema, "I do, Auntie. I just do it going fast." Yaani anaogopa huku anakimbiza. Jibu hilo halikunisaidia.

Sasa nifike kwenye lile ninalotaka mlisome vizuri.

Kuna mwaka nilikwenda Tanga kumzika dada yangu, nikakaa huko mwezi. Nikiwa huko, timu ikaalikwa kuonyesha gari ndani ya jengo la maduka la Wheaton, watoto wapige picha. Mapua yetu mapya yalikuwa yanahitajika kazini, kwa hiyo wakachukua pua la akiba la zamani, ndugu wa lile la Dale, ambalo halikuwahi kukatwa matundu. Ili gari lifanane na lile la kwenye televisheni, wakabandika stika nyeusi juu ya madigadi mahali pa matundu. Kazi ya stika ilikuwa safi. Watoto wakapiga picha, gari likarudi, pua likavuliwa na kutiwa kwenye mfuko wake. Mifuko ya mapua yote ni ya buluu, kwa kuwa kitambaa kilikuwa cha buluu. Aliyekuwa akijua habari ya stika akapata kazi kwingine. Hakuna aliyekosea kitu kikubwa hapo. Ni sisi tu tungeweza kujidanganya hivyo, watu tunaopenda gari letu lipendeze.

Mbio zilikuwa kwenye uwanja ule ule wa kilima, mchana wa joto. Tulikuwa tunakwenda vizuri. Neema alikuwa ndani ya gari, akawa anapita gari la daraja la chini kwenye kona, likamgeukia, wakagongana. Akaja kituoni pua limepasuka linaburuta.

Kubadilisha pua ni kazi ya haraka. Njoroge, ambaye siku hizo alikuwa amekabidhiwa upande wa matairi, pamoja na mwenzake walilivuta pua la akiba kutoka kwenye mfuko, wakalipandisha, pini zikaingia, akalipapasa kwa glavu zake kubwa pande zote akapiga kelele, "Iko poa! Tume-finish!" Grant alikuwa akihesabu nafasi tuliyopoteza na akisema nendeni, nendeni. Mimi nikaja mwishoni na mkono wangu. Jeki likashuka kabla sijafika vizuri. Gari likaanza kutoka, vidole vyangu vikapita juu ya madigadi ya kulia likiwa tayari linakwenda.

Vilipita juu ya kitu laini.

Nikasimama pale katikati. Gari lilikuwa linaniacha, na kwa macho yangu nililiona: matundu yako pale, mawili, meusi, kama siku zote. Macho yakaniambia, Mwanaidi, umezeeka, huna hakika, uligusa pembeni. Nataka mjue kwamba niliyaamini. Kwa muda mfupi niliyaamini kabisa, kwa sababu ndivyo nilivyotaka. Halafu vidole vikakataa. Nilikuwa nalijua pua lile. Nililipitishia mkono kabla halijawahi kwenda popote, halina mkwaruzo wala bonde, nikampigia dada yangu simu.

Nikakimbilia ukutani alikokaa Grant na redio. Nilipiga kelele kwa Kiingereza kwamba hakuna matundu. Akatazama skrini iliyokuwa ikionyesha gari kwa mbele. Akanionyesha kwa kidole. Yalikuwa yanaonekana wazi.

"Mwana, nayaona," akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu.

Nilimwonyesha mkono. Vidole viwili vilikuwa vikavu, visafi, bila hata weusi wa kingo za tundu. Sijui aliona nini pale, lakini rangi ilimtoka usoni. Akabonyeza redio. Sheria yetu ni sauti moja tu kwenye redio, ya Grant, ili dereva asichanganyikiwe. Akamwambia Neema kwamba huenda kuna tatizo la pua, afikirie kurudi. Alisema "huenda" kwa kuwa ni mtu mkweli, na hakuwa na hakika.

Neema akajibu, "Negative, car feels great. I'm staying out."

Alikataa kurudi, gari aliliona liko sawa. Alikuwa amepoteza nafasi na alikuwa na hasira, na mbele yake ilikuwa njia iliyonyooka. Tuliisikia injini ikibadilisha gia. Njoroge alikuja akasimama nyuma yangu ameshika mfuko wa buluu, akasema kwa sauti ndogo, "Auntie, sijafeel kitu. Hizi glavu. Sijafeel kitu." Nilisikia matairi yakiimba kwa mbali, na nikajua yatakapokatika nitakuwa nimesimama pale pale niliposimama mara ya kwanza.

Grant akanisogezea kipaza sauti. Sijui kwa nini. Nilikuwa nimeshaushika mkono wake.

"Neema! Ni Auntie. Ondoa mguu! Ondoa mguu sasa hivi nakwambia! Usipite kilimani hivyo!"

Sikuisema kama mtu wa timu. Niliisema kama unavyomwambia mtoto aliyeshika sufuria ya moto, na ndivyo mama yake alivyokuwa akimwambia Oxon Hill, na kila mama wa kwetu. Watoto wetu wanajibu kwa Kiingereza, lakini Kiswahili ndicho kilichowafundisha kuacha.

Kwenye redio pakawa kimya. Palikuwa kimya, na Dale alisema palikuwa kimya.

Kisha sauti ya injini ikashuka.

"Yes, Auntie," akasema.

Alivuka kilima polepole kama mtu anayetafuta maegesho. Magari yote yakampita. Alipoingia kituoni nilifika kwake kabla ya mtu yeyote, nikaweka ukucha kwenye ukingo wa lile tundu jeusi la kulia, nikavuta, na stika ikatoka mkononi mwangu nzima. Chini yake palikuwa peupe. Niliomba msumeno, nikakata matundu yote mawili pale pale, mbaya, yamepinda, kazi ya aibu, huku Neema amekaa ndani akinitazama kupitia kioo. Nilipomaliza niliingiza vidole nikavitoa. Mkono niliuinua juu. Akaondoka.

Hatukushinda kitu siku ile. Usiku niliporudi nilimpigia Papaa Kalonji, aliyekuwa ameshastaafu anakaa na binti yake. Nikamweleza yote. Kisha akauliza, "Ulitoka gants?"

"Vidole viwili, Papaa."

"Bon," akasema, yaani vizuri, na nikamsikia analia.

Grant aliliingiza lile pua kwenye kompyuta yake baadaye, na mwendo ambao Neema angefika nao kilimani, na upepo wa siku ile. Najua alipata jibu, kwa kuwa alikuja mezani kwangu akasimama na karatasi mkononi. Nilimwomba asinieleze. Ikiwa gari lisingepaa, basi nilimharibia mtoto mbio zake bure, na watu wataanza kuona mkono wa mwisho ni ushirikina wa bibi wa Tanga. Ikiwa lingepaa, nisingeweza kumfunga tena Neema ndani yake. Niliamua nisijue, na miaka yote iliyofuata nilifanya kazi nikiwa sijui. Sijisifu kwa hilo.

Siku ya kuagana nami, mlipokula keki na kunipa ile saa, Neema alisema atanirudisha nyumbani Wheaton. I-270 ilikuwa imejaa kama kawaida, tunatambaa. Anaendesha gari la kawaida vizuri sana, na bado nilikuwa nakanyaga breki ambayo upande wangu haipo. Akacheka. Kisha akaacha kucheka, akaniambia kwamba yeye alimuuliza Grant. Wiki ile ile. Alitaka kujua na aliambiwa.

"Usiniambie," nikasema.

"I'm not gonna tell you, Auntie." Foleni ikasogea, akasogeza gari. "But why d'you think I always wait for your hand?"

Nilidhani kuusubiri mkono wangu ni adabu. Miaka yote ile, kila kituo, watu wanapiga kelele nenda, jeki limeshashuka, na Neema hatoki mpaka auone mkono wangu umepanda juu, hata mara ile Grant alipomfokea. Nilikuwa nawaambia watu mtoto yule amelelewa, anaheshimu wakubwa. Hakuwa ananiheshimu. Alikuwa anaogopa kuliko mimi, na alikuwa anajua anachoogopa, na alipanda kile kilima maelfu ya mara akiwa na vidole vyangu viwili tu vya kumwambia twende. Nilimtazama pale kwenye foleni, nikautoa mguu kwenye ile breki isiyokuwepo.

Karibu na nyumbani aliuliza, na aliuliza kwa Kiswahili, kibovu, polepole, kama anayepita juu ya maji: "Auntie. Saturday... nani ataweka mkono?"

Nikamtajia jina.

Kwa hiyo Njoroge, hapa ndipo unapotakiwa uache kutafsiri usome mwenyewe. Kwenye msumari juu ya meza ya kukatia, chini ya picha ya Papaa, kuna glavu ya kulia ya saizi yako, nimeimaliza jana. Vidole viwili nimevifumua nikavipinda mara mbili, havitachanika. Wakaguzi wakikuuliza, wewe hujui Kiingereza. Jumamosi sitakuja uwanjani na televisheni sitaiwasha, nitakaa jikoni na simu mezani. Hata kama Grant anapiga kelele, hata kama tunaongoza, hata kama unayaona matundu kwa macho yako mawili na ni meusi na ni mazuri, mwanangu, yule mtoto atakuwa ndani anakutazama wewe. Ingiza vidole.